Miaka Arobaini na Sita Bila Jembe

Nyumba ya Konta,
Kundi la Tatu, Mtaa wa Kamiyanagi,
Mkoa wa Yamagata.
Novemba 18.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtaa,
Bi. Okuyama Setsuko.

YAH: KUPEWA JEMBE LANGU KABLA SIJAFA

Ndugu Mwenyekiti,

Kuna jambo nimelificha tangu nilipohamia mtaa huu, na nimelificha vizuri kiasi kwamba nyote mnanihesabu kuwa mtu mpole. Jambo lenyewe ni hili: nimeudhika. Nimeudhika kwa miaka arobaini na sita mfululizo, wakati wa theluji na wakati wa joto, huku nikiinamisha kichwa na kutabasamu kama desturi inavyotaka. Wiki iliyopita daktari wangu aliniambia, kwa adabu nyingi, kwamba haoni haja ya mimi kununua kalenda ya mwaka ujao. Nikaona si haki niende kaburini na hasira ambayo wenyewe hamjawahi kuonyeshwa.

Utaniwia radhi kwa kuandika Kiswahili. Nimefanya hivyo kwa heshima. Kijapani changu mmekisifu mno, hata naona haya kukitumia katika ugomvi. Tena binti yako Chihiro alikaa Njombe miaka miwili akifundisha sayansi, na Kiswahili chake ni kizuri (naomba asiudhike kwa kusifiwa, ataona mbele kwamba najua maumivu yake), ingawa tangu arudi ananiamkia "kamwene" kana kwamba sisi Wasambaa ni Wabena. Yeye atakusomea. Namwomba asipunguze makali.

Kwetu husemwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilishuka kwenye stesheni yenu mwezi wa Oktoba mwaka 1978, nikiwa na shahada yangu ya magonjwa ya miti ya matunda na koti lisilofaa. Siku yangu ya tatu ilikuwa Alhamisi. Niliamka mapema, nikakunja mikono ya shati, nikakaa mkao wa kupokea. Jembe halikuja. Ijumaa nayo likachelewa. Nimekaa mkao huo mpaka leo, nina miaka sabini na tisa, na mgongo umekataa.

Ninachoomba ni kimoja, nacho nitakieleza katika lalamiko la saba. Sita za kwanza ni za kukuandaa.

1. Sifa. Nikisema "asante" dukani, nasifiwa. Nikisema "mvua", nasifiwa, hata kama inanyesha na kila mtu anaiona. Bi. Endo muuza tofu, ambaye nilipanga chumba juu ya duka lake nilipofika, na ambaye mwanawe nilimbeba mgongoni akiwa na surua, bado huniambia kila Jumamosi, "Mzee Shemu, jamani, Kijapani chako kimenyooka kuliko cha mkwe wangu." Mkwe wake ni mzaliwa wa Osaka. (Jina langu ni Yoeli Shemndolwa. Mlilifupisha siku ya kwanza, kwa huruma, ingawa hamkusema mlikuwa mkimhurumia nani.)

Nilipoanguka kutoka juu ya mpea kwenye kituo chetu cha utafiti, mguu ukavunjika mahali pawili, nilipiga kelele kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Vijana wa gari la wagonjwa walitazamana. Mmoja akasema, "Umesikia lafudhi hiyo? Ya hapa hapa kabisa." Ndipo wakaleta machela.

Vijiti ndivyo nisivyotaka hata kuvitaja. Nimekula kwa vijiti milo isiyopungua elfu hamsini, na kunisifu kwa hilo ni kumsifu kuku kwa kudonoa. Siku moja niliamua kumgeuzia kibao jirani yangu Bwana Shishido, aliyekuwa mwenyekiti kabla yako, mtu wa miaka themanini na minne. Tulikuwa tunakula tambi. Nikamwambia, "Shishido, kwa kweli vijiti unavimudu." Alinishukuru. Tangu siku hiyo ameongeza maringo.

2. Kiti. Katika basi la kwenda mjini, kiti kilicho karibu nami hukaa wazi hata watu wakiwa wamesimama hadi mlangoni. Sisemi mna ubaya. Nikimkaribisha mmoja wenu atanijibu, "Usijali mzee, nashuka hapo mbele tu," kisha anasimama vituo kumi na vinne. Marehemu mke wangu Tomoe ndiye pekee aliyekikalia. Alikikalia kwa kishindo, akitandaza sketi, akisema kwa sauti ya mwalimu aliye mbele ya darasa, "Leo tuna bahati, basi zima limetuwekea nafasi." Ni miaka sita sasa tangu afariki. Siku hizi naweka kofia yangu pale.

3. Takataka. Hapa naomba Mwenyekiti akae vizuri. Mtaa huu unagawa takataka katika mafungu tisa, na kila fungu lina siku yake, mfuko wake na hadhi yake. Alipokuwapo Tomoe, mifuko ya nyumba yetu haikuwahi kurudishwa hata mara moja. Tangu afe imerudishwa mara thelathini na moja, ikiwa na stika nyekundu yenye maandishi mengi. Mimi ni yule yule, mifuko ni ile ile, chupa ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anayeweka ni mgeni. Mtu asiyeona ubaguzi hapo hana macho.

Mwezi uliopita Bwana Shishido alinikuta nimesimama mbele ya mfuko wangu uliorudishwa. Akasema, "Sasa Shemu, si usome basi wameandika nini."

Nikamjibu, "Nimesoma. Sikubaliani nao."

Aliinama akaisoma stika, akasema mtu hawezi kutokukubaliana na Jumatano. Nikamwambia kwetu inawezekana.

4. Ubao wa matangazo. Ubao huu unazunguka nyumba hadi nyumba. Unasoma, unapiga muhuri wako, unampelekea jirani. Kila mtu katika Kundi la Tatu anajua kwamba nyumba ya Konta, jina la ukoo wa Tomoe, ndiyo isiyochelewa. Nimemsikia Bi. Endo kwa masikio yangu akimkaripia mkwewe: "Wewe ubao unakukalia siku tatu. Mwangalie Mzee Shemu, haumalizi dakika tano, na ni mtu wa kutoka ng'ambo." Kasi hiyo nimeilinda kwa miaka mingi, na ningependa itajwe siku ya mazishi yangu.

Pamoja na sifa hiyo, tangu Tomoe afariki mmeanza kubandika juu ya ubao kikaratasi kwa ajili yangu peke yangu. Kimeandikwa kwa zile herufi za watoto wa chekechea, kubwa kama mayai, na pembeni kuna picha. Siku ya kukusanya vyuma, mnachora sufuria. Siku ya mkutano, mnachora watu watatu wanaocheka, jambo ambalo si la kweli hata kidogo kuhusu mikutano yetu. Mwezi wa Septemba mlichora samaki, na mpaka leo sijui samaki yule alihusika vipi na zoezi la tetemeko la ardhi. Nina shahada mbili, Ndugu Mwenyekiti. Nimeandika kwa Kiingereza kitabu kizima juu ya kutu ya majani ya mpea. Nataka kikaratasi hicho kiondolewe mara moja, na aliyechora samaki ajitokeze.

5. Magimbi. Kila mwaka majani yakianza kuwa mekundu, mtaa mzima unakwenda mtoni kupika magimbi. Sufuria kubwa, nyama ya ng'ombe, vitunguu vya majani, mchuzi wa soya. Mimi nimezaliwa Usambara. Nimemenya magimbi kabla Mwenyekiti hajazaliwa, na viganja vyangu vilishazoea muwasho wake. Mara ngapi nimeruhusiwa kushika kisu? Hata mara moja. Nikifika natandikiwa mto wa kukalia, nakaa karibu na moto, nanyimwa kazi. "Kaa mzee, kaa, wewe mgeni wetu." Mwaka mmoja niliamua liwalo na liwe, nikanyakua kisu na gimbi moja. Akina mama watatu wakanishika mikono ya koti, mmoja analia kwa kicheko, "Jamani Tomoe, mzuie mumeo atatuaibisha." Tomoe akasema, "Mwacheni amenye. Nyumbani ndiye anayemenya." Hawakuniacha.

Kisha mambo yakiiva ndipo ninapopewa kazi yangu, ambayo ni ile ile kila mwaka: kuonja mbele ya mpiga picha wa gazeti na kusema kwamba magimbi yetu yanawashinda wale wa ng'ambo ya mlima, wanaotia nyama ya nguruwe. Nimesema hivyo mara thelathini na nane. Ya ng'ambo ya mlima sijawahi kuonja.

6. Maandishi ya mke wangu. Wote mliofika sebuleni kwangu mmeona ile karatasi ndefu iliyoning'inizwa ukutani, mistari mitatu ya brashi, ambayo Tomoe aliiandika mwaka 1979. Kila anayekuja hufanya yale yale. Anapiga magoti mbele yake, anavuta pumzi, anatikisa kichwa. "Mwandiko wa aina hii siku hizi haupatikani." Kisha ananigeukia na kunitazama kwa huruma, kama mtazamavyo paka aliyelala juu ya piano.

Naomba iingie kwenye kumbukumbu za mtaa kwamba bila mimi karatasi ile isingekuwa ukutani pale. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa utamaduni mjini. Nilikuwa nimeingia kukimbia mvua. Tomoe alikuwa amesimama pembeni ya kazi yake, amevaa nguo ya kijivu, mikono ameifumbata mbele, na watu wanapita wakimwambia brashi yako ina nguvu, wino wako una uhai. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko wote. Mwishoni akaniuliza, "Na wewe unaonaje?"

Nikajibu, "Ni kweli."

Alinigeukia. Kisha akasema, "Tangu asubuhi wanasifu brashi. Ni wewe tu uliyesoma."

Tulioana mwaka uliofuata. Kwa hiyo naomba macho ya huruma yakome. Katika wilaya hii nzima mimi ndiye mtu wa kwanza kuyaelewa maandishi yale, na msanii mwenyewe ndiye aliyesema.

7. Zamu. Sasa tumefika.

Kundi la Tatu lina nyumba kumi. Kila Aprili nyumba moja inapokea uongozi wa kundi: kuandika matangazo, kuyasoma mbele ya mkutano, kuandaa ratiba ya kuondoa theluji, kwenda kumwambia Bi. Endo kwamba mbwa wake amezidi. Kazi inazunguka kama ubao unavyozunguka. Haimwachi mjane wala mgonjwa. Mkwe wa Bi. Endo alipewa mwaka wa pili tu tangu ahamie, na mpaka leo hajui mfereji mkuu unapita wapi.

Nyumba ya Konta imefikiwa na zamu mara nne. Mara nne zamu imeinua miguu yake, ikaruka ua wetu, ikatua kwa Endo. Mke wangu angeweza kuishika yeye, lakini mlisema kumpa mke wakati mume yupo ni kumwaibisha mume. Basi mkanihifadhia heshima yangu kwa kuninyima kazi.

Sitaki kuficha jinsi jambo hili lilivyomuumiza Tomoe. Mara ya kwanza alirudi kutoka mkutanoni, akavua viatu, akavipanga vizuri, akasema, "Wamekuruka." Mara ya pili hakuvipanga. Mara ya tatu alikaa miaka mitatu bila kumsalimu mke wa Bwana Shishido, hata walipokuwa wanasukuma theluji bega kwa bega, koleo kwa koleo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtuliza. Nilikuwa nikimwambia, "Waache, mama. Hawajui watendalo. Tuwasamehe." Na yeye alikuwa akinitazama na kusema kwamba nina moyo mkubwa kuliko mlima wetu. Mara ya nne tayari alikuwa mgonjwa. Alisema tu, "Watakufa bila kujua walikuwa wanaishi na nani." Nadhani alikufa hajawasamehe.

Aprili ijayo zamu inafika tena mlangoni kwangu. Nadai yafuatayo, na nimeyapanga kwa mantiki ili Mwenyekiti asipate pa kutorokea.

Kwanza, nitangazwe kuwa kiongozi wa Kundi la Tatu kuanzia Aprili, nikiwa hai au nikiwa vinginevyo. Kama nitakuwa vinginevyo, jina langu libaki kwenye ubao mwaka mzima na mtu anipigie muhuri. Wapo viongozi tuliowahi kuwa nao waliokuwa hai na hawakufanya zaidi ya hapo.

Pili, kama mtaa utashikilia kwamba mimi bado ni mgeni, basi nidai haki za mgeni kuanzia siku ya kwanza. Mgeni hasukumi theluji. Nimesukuma theluji majira arobaini na sita. Naomba theluji hiyo irudishwe mahali pake, na mwenye mtaa aiondoe mwenyewe.

Tatu, mgeni hazikwi na wenyeji. Kwa kawaida humalizia ziara yake, huaga, husindikizwa. Mimi kaburi langu liko hekaluni karibu na la Tomoe, na mchungaji wangu wa Lushoto pamoja na kasisi wa hekalu lenu walishaandikiana barua na kukubaliana, baada ya miaka miwili, juu ya nani atasoma nini. Lakini mgeni hawezi kulala hapo. Kwa hiyo, iwapo nitajibiwa kwamba mimi ni mgeni, sitakuwa na njia ila kuahirisha kufa. Nitaendelea kuwapo. Nitakuja kwenye kila mkutano. Nitaonja magimbi. Nitaweka takataka. Fikirini jambo hilo kwa utulivu.

Nisalimie Bwana Shishido na mkewe, umwambie goti alifunge kitambaa cha moto. Msalimie Bi. Endo, mwanawe yule wa surua, na mkwe wake, ambaye Kijapani chake kwa kweli kinatia wasiwasi. Msalimie kasisi. Wasalimie wote wa Kundi la Kwanza, la Pili na la Tatu; la Nne wasalimie pia ingawa waliiba koleo letu.

Nabaki wako katika ujenzi wa mtaa,

Yoeli Shemndolwa
(Mzee Shemu)
Mkuu wa Nyumba ya Konta

Baada ya sahihi:

Chihiro mwanangu, kamwene. Mama yako akuruhusu upumzike, unywe chai. Sehemu ya kwanza ya nyongeza hii msomee, tena polepole. Sehemu ya pili ni yako.

Msomee hivi. Zamu haikuniruka. Kila mara ilipobaki miezi miwili ifike kwetu, nilichukua sanduku la mapea mazuri kuliko yote ya kituo, nikaenda kwa mwenyekiti wa wakati huo, nikakaa mlangoni na kuzungumza Kijapani kibaya kuliko chote nilichoweza kukitunga. Nilichanganya jana na kesho. Nilimwita mwenyekiti "bibi arusi". Bwana Shishido ndiye aliyenipokea mara mbili za mwisho, na mara zote mbili alisema, "Basi, basi Shemu, usijitese. Kazi yenyewe ni ya kuandika na kusoma, haina raha. Tutapita pembeni, wala mkeo hatutamwambia." Hakumwambia. Alikaa miaka mitatu anaona mkewe hasalimiwi barabarani na hakufungua mdomo, kwa sababu alinipa neno lake. Tomoe alimkasirikia mtu asiye na kosa, na mimi nikajipatia jina la msamehevu. Jembe mmeniletea mara nne. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Mwambie mama yako malalamiko yote yafutwe, isipokuwa la magimbi. Zamu iipite nyumba ya Konta, iende kwa Endo kama ilivyozoea. Kile kikaratasi chenye picha kisiondolewe. Bila kile, ningekuwa nimerudishiwa mifuko mia.

Sasa acha kusoma kwa sauti. Mwambie mama zilizobaki ni salamu za kwetu.

Herufi zenu za watoto ni arobaini na sita. Nimezihesabu. Nimekaa hapa miaka arobaini na sita, kwa hiyo nimejifunza, kwa wastani, herufi moja kila mwaka, na hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Zile nyingine, zile za watu wazima, zenye mikono na miguu na paa, sizijui. Kazini miti haikuwa na maandishi, na ripoti zangu niliziandika kwa Kiingereza, wenzangu wakazifasiri. Nyumbani Tomoe alikuwa akisoma gazeti kwa sauti wakati wa chai, na ubao, na barua, na hata maandishi ya pakiti ya chumvi. Alianza wiki ya kwanza ya ndoa. Sikuwahi kumwomba.

Ile siku ya mvua, katika ukumbi ule, kitabu changu cha Kijapani kilikuwa kimefika somo la tisa. Somo la tisa lilikuwa "ni kweli" na "si kweli". Aliponiuliza naonaje, nilikuwa na majibu mawili tu mfukoni, nikachukua la kwanza. Baadaye nilitaka kumwambia. Lakini msichana ameshasema ni wewe tu uliyesoma, utamwambiaje? Ukishindwa siku ya kwanza, ya pili ni ngumu zaidi, na kufikia mwaka wa kumi ni afadhali kufa.

Nilisubiri basi aje mtu aisome kwa sauti. Ndiyo maana nyumba yangu haikukosa wageni na chai. Miaka arobaini na minne wamepiga magoti, wamevuta pumzi, wametikisa vichwa, na hakuna aliyetamka hata neno moja. Mwandiko ule wa brashi unaokimbia, nimekuja kugundua, hata wenyewe hawauwezi. Mtaa mzima umekuwa ukisema "ni kweli" pamoja nami. Kasisi alikaa mbele yake robo saa nzima, kisha akaomba choo.

Lakini wewe ulikuwa mwanafunzi wake tangu una miaka saba. Brashi yako ya kwanza alikupa yeye. Siku ya msiba wake ulisimama mbele ya karatasi ile peke yako, wote wakiwa jikoni, ukaitazama kutoka juu hadi chini, na ukacheka. Ulijiziba mdomo upesi, lakini nilikuona. Kwa miaka sita nimekuwa nikikiwaza kicheko kile. Nilimwoa mwanamke kwa kukubaliana na mistari mitatu, na sijui nilikubaliana na nini. Huenda ni hekima. Huenda ni dhihaka kwa watu wanaosifu brashi. Huenda ameandika kwamba atakayesema ni kweli ni mwongo.

Njoo Alhamisi, baada ya dawa zangu. Usilete mapea. Simama mbele ya ukuta, unisomee kwa sauti, mstari kwa mstari, na kama ni la kunicheka, nicheke. Nataka niende kwake nikijua nilichosema.

Sijui kusoma, Chihiro.